Gari la Wagonjwa: Nani Analipa, na Analipa Lini?

Mjadala wa magari ya wagonjwa hukwama mapema. Mmoja anataka serikali iongeze magari, mwingine anataka kazi hiyo waachiwe watu binafsi. Sisi tunaopokea wagonjwa mlangoni mwa idara ya dharura tunajali zaidi mambo mawili: kama kuna mtu anayepokea simu na kutuma gari lililo karibu, na kama hela inadaiwa kabla gari halijaondoka. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufa katika muda wa saa mbili.

Gari la hospitali ya wilaya kwa kawaida hufanya kazi ya rufaa: linamtoa mgonjwa kituo cha afya na kumpeleka hospitali. Kumfuata mgonjwa nyumbani au barabarani ni nadra. Mafuta yakiisha gari linalala, na ndugu wanaombwa wachangie. Hapo huduma ya bure imeshakuwa ya kulipia, tena bila stakabadhi.

Kampuni binafsi za Dar es Salaam na Nairobi nyingi zina wahudumu waliofunzwa na oksijeni ndani ya gari. Huhudumia wanachama na wenye bima. Asiye na kadi mara nyingi hutakiwa alipe kwanza. Siwalaumu, kwani biashara ni lazima ijiendeshe. Ila kwa mtindo huo gari haliwezi kufika kijiji ambacho hakina mteja.

Nje nako kila njia ina kasoro yake. Uingereza mgonjwa halipi kitu, gharama zinatoka kwenye kodi. Lakini Desemba 2022 wagonjwa wa kiharusi na maumivu ya kifua nchini England walisubiri kwa wastani wa zaidi ya saa moja na nusu, wakati lengo ni dakika 18. Marekani sheria iliyoanza kutumika 2022 inawakinga wenye bima dhidi ya ankara za kushtukiza, zikiwemo za ndege za wagonjwa, lakini magari ya wagonjwa yakaachwa nje. Matokeo yake wapo wanaoogopa kupiga simu hata wakiwa hoi.

India ilijaribu kuchanganya. Mwaka 2005, huko Hyderabad, ilianza huduma ya namba 108: taasisi isiyo ya serikali inaendesha magari na kituo cha simu kwa mkataba, serikali ya jimbo inalipa, mgonjwa hadaiwi.

Kwetu Tanzania tunayo m-mama, huduma ya usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na vichanga, na naona hatuipi uzito inaostahili. Ilianzia Kanda ya Ziwa, na mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua kusambazwa kwake nchi nzima. Ukipiga 115 bure, mhudumu wa afya anauliza hali ya mjamzito, mzazi au kichanga, kisha anatafuta gari la wagonjwa. Likikosekana, anampigia dereva wa jamii, mtu wa teksi aliyesajiliwa, ambaye analipwa kwa simu baada ya kumfikisha mgonjwa kituoni. Hilo ni gari la mtu binafsi linalofanya kazi ya umma, na hakuna anayemuuliza mama ana shilingi ngapi.

Dereva huyo si mtoa tiba. Hana oksijeni wala dawa ya kuzuia damu. Anaziba pengo la umbali tu. Pia huduma hii haimhusu aliyepata ajali ya bodaboda, ambaye mpaka leo wapita njia humpakia kwenye bajaji bila shingo kushikiliwa. Mimi ningependa kituo kilekile cha simu kihudumie dharura zote, kitume gari lolote lililo karibu, la halmashauri, la hospitali ya kanisa au la kampuni, na mfuko wa umma ulipe baadaye kwa viwango vilivyokubaliwa. Mkataba utaje vifaa, mafunzo na muda wa kufika, na pawe na mkaguzi wa kufungua gari na kutazama kama mtungi una gesi.

Diwani wako akija kwenye mkutano wa hadhara, muulize halmashauri imetenga kiasi gani cha mafuta ya gari la wagonjwa mwaka huu, na saa nane usiku nani anapokea simu.