Hasikii, kwa hiyo haumii? Nani aliwadanganya?

Mtu mwingine akiniambia tena "miguu si haisikii, acha acheze tu, itaumia na nini?" nafunga chumba changu cha kinezi, cha mazoezi ya viungo, naenda kuuza makaa mtaa wa Birere hapa Goma. Nasema kweli. Zamani nilikuwa nabishana na wale wanaosema mgonjwa wa uti wa mgongo alale ndani mpaka Mungu aamue, nao bado wapo, lakini siku hizi kumetokea kundi jingine, linapenda michezo kuliko hata mimi, wanamtoa kijana nje, wanampeleka uwanjani, wanampeleka ziwani, picha zinapigwa, na hakuna hata mmoja aliyeangalia makalio yake.

Tuelewane, michezo naitaka. Daktari Guttmann, kule hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, alianzisha mashindano ya upinde mwaka 1948 na wachezaji 16 tu, kufika 1960 wakawa Roma, na Paralimpiki ikazaliwa hapo. Ila watu wanaruka sehemu moja: huyo huyo Guttmann ndiye aliyeng'ang'ania mgonjwa ageuzwe kitandani kila baada ya saa 2, usiku na mchana, sababu wagonjwa wake hawakuwa wanauawa na mgongo, walikuwa wanauawa na vidonda na mkojo. Ngozi na kibofu kwanza, mishale baadaye.

Sasa wewe unayesoma hapa, toka umeanza kusoma umeshajigeuza kwenye kiti mara kadhaa na hukujua. Makalio yamekuambia, ukasogea. Mwenye jeraha la D10, yaani pingili ya kumi ya mgongo upande wa kifua, haambiwi. Uzito wote unakaa kwenye ile mifupa miwili ya kukalia, nyama iliyo katikati ya mfupa na kiti inabanwa, damu haipiti, na nyama inakufa kuanzia ndani, kule kwenye mfupa. Ndiyo maana familia inaniletea kitundu kidogo cha kuingia kalamu, nikipima ndani nakuta pango.

Kijana mmoja wa basketi ya viti vya magurudumu niliye naye sasa, alikuwa anaendesha moto, yaani pikipiki, kabla ya ajali, amekuja hivyo hivyo. Mama yake akanieleza kwa upole kabisa: "Docta, si munasema pale hasikie? Tulimuwekea tyubu ya gari akalie, iko laini." Mama, ile tyubu! Naiona kila mahali mjini. Inaonekana ni akili nzuri, katikati kuna tundu, basi mfupa haugusi kitu, lakini ule mviringo unabana ngozi ya pembeni na kuzuia damu isifike katikati, yaani unakaba mahali pale pale ulipotaka kupaokoa. Sponji nzuri iliyokatwa vizuri inaishinda tyubu, na sponji ikishakuwa bapa itupwe, isipewe mgonjwa mwingine.

Halafu kupumzisha makalio. Vitabu vingi vinasema ajinyanyue kwa mikono sekunde 15 mpaka 30, kila nusu saa au chini ya hapo. Sawa, lakini walipopima oksijeni kwenye ngozi ya watu hawa waliona inachukua karibu dakika 2 kurudi, na hakuna mtu wa kujinyanyua dakika 2 mara nyingi kwa siku bila kumaliza mabega, na mabega ndiyo miguu yake sasa. Kwa hiyo mimi nasema inama mbele, kifua kwenye mapaja, tulia dakika 2. Au egemea upande mmoja, halafu mwingine. Wakati wa mechi yenyewe hapo sina kanuni, nawaambia ukweli. Pengine mchezaji anayeyumba huku na huku anajisaidia bila kujua, pengine mikanda na msuguano vinammaliza zaidi, nimeona yote mawili kwa watu wenye jeraha moja na kiti kimoja. Ninachodai ni kila mapumziko ainame, kocha apende asipende.

Na kuangalia ngozi, hapa ndipo nachoka kabisa. "Docta tumeangalia, hakuna wekundu." Wekundu upi? Hicho kitabu kiliandikwa na mtu anayetazama ngozi ya muzungu! Kwenye ngozi yetu alama inakuja nyeusi zaidi ya pembeni, au ya zambarau, au inang'aa, au huoni kitu kabisa. Shika. Weka nyuma ya kiganja kalio la kulia, halafu la kushoto, sikia kama moja lina joto, kama ni gumu au limelegea kuliko jingine. Kila jioni, mgonjwa mwenyewe na kioo, na mtu wa nyumbani kwa mkono. Alama ikikaa zaidi ya nusu saa baada ya kulala, kesho hakuna kukaa mpaka iishe.

Mifupa nitaipitia haraka: chini ya jeraha inapoteza nguvu, hasa karibu na goti, na inaweza kuvunjika kwa kumvuta tu vibaya kutoka kwenye pikipiki. Hakuna kelele, hakuna kilio. Goti linavimba, lina joto, spasimu, ile misuli kukakamaa yenyewe, zinazidi. Inaweza kuwa mfupa, inaweza kuwa damu iliyoganda kwenye mshipa, kwa macho hatutofautishi, na anayekuambia anatofautisha anakudanganya. Piga picha, pima mshipa, na msimkande! Kama ni damu iliyoganda, kukanda kunaweza kuisukuma mpaka kwenye mapafu.

Wale wa D6 kwenda juu wana jambo lao jingine. Kibofu kimejaa, sonda, ule mpira wa mkojo, imejikunja chini ya paja, kamba imebana mguu, yeye hasikii kitu, lakini mwili unajibu kwa kupandisha presha ghafla. Kichwa kinagonga, uso unatoka jasho, na watu wema wa uwanjani wanafanya nini? Wanamlaza chini na kuinua miguu juu, eti kazimia. Mnampandishia presha zaidi! Mkalishe wima, legeza kamba, viatu, mkanda, tafuta sonda. Na muuguzi asiniambie 140 ni ya kawaida, huyu mtu kawaida yake inaweza kuwa 95, kwake 140 ni moto.

Kutoka nje kwa Goma yetu kuna mambo ambayo kitabu cha Ulaya hakiyajui. Lava ya 2002 iko barabarani, vile vigurudumu vidogo vya mbele vinaingia kati ya mawe na mtu anaruka mbele peke yake, basi kabla ya uwanja ajifunze kusimamia magurudumu ya nyuma, mtu akiwa nyuma yake. Njia ikiwa mbaya sana, ile baiskeli ya mikono ambayo wafanyabiashara wetu wanapitishia mizigo Petite Barrière, mpakani na Rwanda, inashinda kiti chochote. Ziwani avae soksi nene au viatu ndani ya maji, sababu miguu inaburuzwa kwenye mawe na atatoka inavuja damu huku anacheka. Jua la saa sita nalo linaunguza mapaja bila kubisha hodi, na lile jiwe jeusi akilikalia ndiyo kabisa.

Na mazuku, ile gesi ya kaboni inayotoka ardhini na kuua. Ni nzito kuliko hewa, inakaa mabondeni, kuna sehemu zake kule magharibi ya mji kando ya ziwa, na asubuhi mapema inakuwa mbaya zaidi. Pua ya aliyekaa iko chini ya pua ya anayemsukuma. Msukumaji anaweza kuwa anapumua vizuri wakati mwenzake anaishiwa. Uliza wenyeji kabla ya kushuka, na shimoni msimpumzishe.

Yule kijana yuko kifudifudi nyumbani, amechoka na mimi. Kidonda kikifunga tutaanza na dakika 15 za kukaa, tunaangalia ngozi, tunaongeza kidogo kidogo. Na wewe kocha uliyenitumia ujumbe kuuliza kama Jumamosi atacheza hata nusu ya mechi: hapana. Hata kama timu imebaki na watu wanne.