Mtakatifu Yosefu, Baba Mlishi wa Yesu: Dhana Potofu na Ukweli

Katika sanamu nyingi za makanisani Mtakatifu Yosefu amesimama na ndevu zenye mvi, mkononi ameshika fimbo iliyochanua maua meupe, na sura yake inakaribia ya babu kuliko ya baba. Waumini wengi wanaoitazama sanamu hiyo wanaamini kwamba Biblia ndiyo iliyosema Yosefu alikuwa mzee alipomchukua Maria. Ukweli ni kwamba hakuna hata Injili moja kati ya zile nne inayotaja umri wake. Uzee huo umetoka katika maandishi ambayo Kanisa halikuyapokea kuwa sehemu ya Biblia, hasa Injili ya Yakobo ya karne ya 2, inayomweleza kuwa mgane mwenye watoto, aliyechaguliwa kumtunza Maria baada ya njiwa kutokea katika fimbo yake. Simulizi nyingine iliyoandikwa baadaye ikaongeza kwamba alifariki akiwa na miaka 111. Nia ya waandishi hao ilikuwa njema, kwani walitaka kuulinda ubikira wa Maria, na hadi leo Makanisa ya Mashariki yanamkumbuka Yosefu kama mgane. Hata hivyo, katika Kanisa la Magharibi, Mtakatifu Yeronimo alipinga simulizi hizo mwishoni mwa karne ya 4 na kushikilia kwamba Yosefu mwenyewe aliishi katika ubikira. Nionavyo mimi, uzee huo wa kubuni unampunguzia sifa, maana unaufanya uaminifu wake uonekane kuwa ni uchovu wa miaka, ilhali mtu aliyetoka Nazareti hadi Bethlehemu, akakimbilia Misri na kurudi tena Galilaya, alihitaji miguu yenye nguvu.

Dhana ya pili inatokana na ukimya wake. Ni kweli kwamba Injili hazikunukuu neno lake hata moja, na kwa sababu hiyo wapo wanaomwona kama mtu wa pembeni, aliyelala, akaota, kisha akafanya alichoambiwa bila kufikiri. Anayeisoma sura ya pili ya Mathayo polepole atakuta jambo tofauti kabisa. Baada ya mamajusi kuondoka, malaika anamwambia katika ndoto kwamba Herode anamtafuta mtoto ili amwangamize, na Yosefu anaondoka usiku huohuo pamoja na mtoto na mama yake. Hakungoja kupambazuke, wala hatusikii kwamba aliomba ishara ya pili. Herode anapokufa, anaambiwa arudi katika nchi ya Israeli, naye anarudi. Hapo ndipo linapojitokeza jambo ambalo mahubiri mengi hulipita haraka: Yosefu anaposikia kwamba Arkelao anatawala Uyahudi mahali pa baba yake Herode, anaogopa kwenda huko, na hofu hiyo inampata kabla ya kuonywa tena katika ndoto. Alikuwa na sababu. Arkelao alikuwa mtawala katili kiasi kwamba mwaka wa 6 baada ya Kristo Kaisari Augusto alimvua madaraka na kumpeleka uhamishoni Galia, eneo la Ufaransa ya leo. Yosefu alifuatilia habari za utawala, akapima hatari iliyomkabili mtoto, kisha akapokea maelekezo ya kwenda Galilaya na kuishi Nazareti. Huyo ni baba anayesali na kufikiri kwa wakati mmoja, na utii wake haukumfanya aache kutumia akili.

Inayofuata ndiyo dhana inayoumiza zaidi, hasa kwa wanaume wanaolea watoto wasiowazaa: kwamba Yosefu hakuwa baba halisi, alikuwa mlezi wa jina tu. Imani ya Kanisa ni wazi kwamba Yesu alitungwa kwa uwezo wa Roho Mtakatifu na kwamba Yosefu hakumzaa kwa mwili. Lakini malaika alimwagiza Yosefu ampe mtoto jina, na Mathayo anafunga sura ya kwanza kwa kusema kwamba alimwita jina lake Yesu. Katika desturi ya Wayahudi, kumpa mtoto jina kulikuwa ni kumkubali mbele ya sheria na ya watu kuwa wako, na ni kwa njia ya Yosefu kwamba Yesu anahesabiwa katika ukoo wa Daudi. Mtakatifu Augustino aliutetea ubaba huo bila kusitasita. Maria mwenyewe, walipomkuta mtoto Hekaluni akiwa na miaka kumi na miwili, alimwambia kwamba baba yako na mimi tumekuwa tukikutafuta kwa huzuni. Hakutafuta neno jingine la kumwitia mumewe.

Habari hiyo ya Hekaluni inaondoa pia dhana kwamba baba aliye mtakatifu hapatwi na mkanganyiko. Yosefu na Maria walisafiri mwendo wa siku nzima wakidhani mtoto yumo katika msafara, wakamtafuta kwa jamaa na marafiki, wakarudi Yerusalemu, na wakampata siku ya tatu. Alipowajibu, Luka anasema hawakuelewa neno alilowaambia. Baada ya hapo familia ilirudi Nazareti, na Yesu aliendelea kuwatii.

Wapo pia wanaosema Yosefu alikuwa fukara wa kuombaomba. Sadaka ya ndege wawili waliyoitoa Hekaluni ni ile ambayo kitabu cha Mambo ya Walawi kiliwaruhusu wasioweza kununua mwanakondoo, kwa hiyo kipato chao kilikuwa kidogo. Hata hivyo alikuwa fundi mwenye kazi inayojulikana, hata watu wa Nazareti wakamtambulisha Yesu kuwa ni mwana wa seremala.

Mwisho, si kweli kwamba ibada kwake ilienea tangu siku za mitume. Katika Kanisa la Magharibi ilikua taratibu sana. Teresa wa Avila, mtawa wa Hispania, aliikuza katika karne ya 16, na monasteri yake ya kwanza, iliyoanzishwa mwaka 1562, aliikabidhi kwa jina la Yosefu. Papa Pius IX alimtangaza kuwa msimamizi wa Kanisa lote tarehe 8 Desemba 1870, na sikukuu ya Yosefu Mfanyakazi, inayoadhimishwa tarehe 1 Mei mbali na sherehe yake ya tarehe 19 Machi, iliwekwa na Papa Pius XII mwaka 1955. Jina lake liliingia katika Sala ya kwanza ya Ekaristi, mojawapo ya sala kuu ambazo padre husali katika Misa, mwaka 1962 kwa uamuzi wa Papa Yohane XXIII, na katika Sala ya pili, ya tatu na ya nne mwaka 2013. Kabla ya hapo, padre aliyetumia mojawapo ya sala hizo tatu alimtaja Bikira Maria na kupita moja kwa moja hadi kwa Mitume.