Maumivu Sugu ya Tumbo la Chini: Yanayosemwa Kuhusu Dawa na Ukweli Wake

Maumivu ya chini ya kitovu yakidumu miezi 6 au zaidi huhesabiwa kuwa sugu. Wanaoumwa hivyo mara nyingi wana mfuko wa dawa ndani, na nafuu hawaioni. Si kwamba dawa ni feki. Ama ilitolewa kwa ugonjwa usio wake, ama iliachwa kabla haijaanza kazi.

"Hiyo ni PID (maambukizi ya kizazi na mirija yake) sugu, rudia antibayotiki."

Dhana hii ndiyo inayowatesa wanawake wengi zaidi. PID yenyewe hutibiwa kwa dozi kamili: kwa kawaida sindano ya seftriaksoni, kisha doksisaiklini miligramu 100 mara 2 kwa siku na metronidazoli miligramu 500 mara 2 kwa siku, zote kwa siku 14. Mwenza naye atibiwe. Ukiishia siku ya tano kwa sababu umepata nafuu, au mwenza akikataa dawa, ugonjwa unaweza kurudi, na hapo kulaumu "usugu" ni kuonea.

Lakini maambukizi yakishakwisha huweza kuacha makovu yanayogandisha viungo, na kovu halina bakteria wa kuuawa. Endometriosisi, yaani tishu kama za ukuta wa ndani wa kizazi kuota nje yake, nayo haina bakteria, wala misuli ya nyonga iliyokaza. Ultrasaundi safi nayo haikatai endometriosisi, kwani madoa madogo ya juujuu hayaonekani humo. Kama huna homa wala uchafu wenye harufu, na vipimo havionyeshi maambukizi, dozi nyingine itakuachia fangasi na kuharisha tu.

"Dawa ya maumivu hunywewa ukizidiwa."

Kwa maumivu yanayopanda na hedhi, hapo umechelewa. Ibuprofeni huzuia mwili kutengeneza kemikali zinazoleta maumivu. Zilizokwisha kutengenezwa haiziondoi. Anza dalili ya kwanza ikionekana: miligramu 400 baada ya kula, kila baada ya saa 8, kwa siku 2 au 3. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au ujauzito asiitumie bila daktari.

Usichanganye na diklofenaki, ni ndugu mmoja. Na soma pakiti: baadhi ya vidonge vya diklofenaki vina parasetamoli humohumo. Ukiongeza parasetamoli nyingine juu yake unaweza kuvuka gramu 4 kwa siku bila kujua, na ini ndilo linaloumia.

"Nimepewa dawa ya sonona, daktari anadhani najifanya."

Amitriptilini kwa dozi ndogo hutuliza mishipa ya fahamu iliyozoea kupeleka taarifa za maumivu. Huanzwa na miligramu 10 usiku na kupandishwa taratibu, wakati sonona huhitaji 75 au zaidi. Pale vinapopatikana vya 25 tu, mfamasia atakuambia kama kidonge hicho kinakatika nusu.

Inywe zikiwa zimebaki saa 2 ulale, la sivyo utaamka mzito. Wiki ya kwanza utaona mdomo mkavu na usingizi, nafuu bado. Ipe wiki 4 hadi 6. Kinachoiharibia kazi ni choo kigumu kinacholetwa na dawa yenyewe, maana utumbo uliojaa huongeza maumivu yaleyale, kwa hiyo maji na mboga za majani vianze siku hiyohiyo. Mwenye matatizo ya mapigo ya moyo aseme mapema, na anayetumia tramadoli, dawa kali ya maumivu, pia: zikikutana huweza kuleta degedege.

"Dawa kali zaidi ndiyo bora."

Gabapentini, dawa ya kifafa na maumivu ya mishipa ya fahamu, ilijaribiwa Uingereza kwa wanawake 306 ambao chanzo cha maumivu yao hakikuonekana. Matokeo ya 2020: haikushinda kidonge kisicho na dawa, ila kizunguzungu kilizidi. Tramadoli ya kila siku hufunga choo na kuleta utegemezi.

"Vidonge vya majira vinaharibu kizazi."

Haviharibu. Daktari anaweza kukushauri uruke vile 7 vya rangi tofauti visivyo na homoni na kuanza pakiti mpya, ili hedhi isije na maumivu yake. Tathmini nafuu baada ya miezi 3. Havimfai mwenye presha, aliyewahi kuganda damu, au mwenye kipandauso cha kuona mimweko.

Maumivu yakibadilika ghafla huku hedhi imechelewa, au ukizimia, usipitie duka la dawa. Nenda hospitali saa hiyohiyo. Huenda ni mimba iliyotunga nje ya kizazi.