Timu ya chuo ikila hasara, anayelipa ni nani?

Nimefanya kazi ya hesabu za vyuo vya Marekani kwa miaka kadhaa, na sijaona karatasi inayozusha ugomvi mezani kama ile ya idara ya michezo. Upande mmoja wanakaa maprofesa walionyimwa mwalimu wa fizikia. Upande wa pili wamekaa wahitimu wa zamani wenye kofia za timu. Katikati niko mimi na jedwali langu, na macho yote yako kwenye safu ya mwisho kulia, penye tarakimu zilizofungiwa ndani ya mabano. Kwetu sisi wahasibu, mabano ni hasara. Basi swali linakuja lilelile kila mwaka: kwa nini chuo kiendelee kulipia kitu kinachokitia hasara?

Jibu langu huwaudhi wote wawili. Tarakimu ile ya mabano mara nyingi haisemi kile wanachodhani inasema. Ziko timu zenye mabano ambazo zinakiingizia chuo fedha, na ziko zinazotembea kifua mbele huku zikila ada za wanafunzi ambao uwanjani hawajawahi kukanyaga. Kabla ya kuuliza kama timu ifutwe, uliza chuo kitabaki na shilingi ngapi mfukoni siku ya pili baada ya kuifuta. Ni swali jingine kabisa.

Tuanze na ukubwa wa jambo lenyewe. NCAA, chama kinachosimamia sehemu kubwa ya michezo ya vyuo huko, kilipopima mapato na matumizi ya mwaka 2019, idara 25 tu kati ya takriban 130 za ngazi ya juu kabisa ya futiboli ya Kimarekani zilikuwa zimeingiza zaidi ya zilivyotumia. (Humu nitaiita futiboli tu, maana soka ni soka.) Hizo ni zile kubwa, zenye viwanja vya makumi ya maelfu ya watu na mikataba ya televisheni. Zilizobaki, pamoja na mamia ya vyuo vya ngazi za chini, zinaishi kwa ruzuku ya chuo na kwa ada ya michezo anayotozwa kila mwanafunzi, awe mkimbiaji au mtu wa maktaba.

Kwa hiyo ukisema timu zote zenye hasara zifutwe, umefuta karibu michezo yote ya vyuo nchini humo. Si lazima liwe kosa, lakini ujue umesema nini.

Sasa tuingie jikoni. Chukua skolashipu. Idara ya michezo inampa kijana nafasi ya kusoma bure, na kwenye vitabu inaandikiwa gharama ya ada nzima, tuseme dola 40,000. Lakini fedha hiyo haijatoka getini. Imetoka mfuko wa kushoto wa chuo ikaingia wa kulia. Gharama ya kweli ni ya kumwongeza mtu mmoja: chakula, kitanda, vitabu, kiti darasani. Kama kiti kilikuwa kitupu, ni karibu bure. Kama chuo kimejaa pomoni na kijana huyu amechukua nafasi ya mtu ambaye angelipa, hapo gharama ni kweli tupu. Chuo cha umma kikimwandikia mchezaji aliyetoka jimbo jingine ile ada ya juu ya wageni, idara inaonekana imezama zaidi, na hakuna hata senti moja iliyoongezeka kwenye matumizi.

Mchezo huu unachezwa pande zote mbili. Mapato ya fulana na kofia zenye nembo yanaweza kuandikwa kwa chuo badala ya timu. Upande wa pili, deni la uwanja linaweza kufichwa kwenye daftari la majengo, umeme kwenye daftari la matengenezo, na mawakili kwenye ofisi ya rais wa chuo. Ukitaka timu ionekane maskini nipe siku moja. Ukitaka ionekane tajiri nipe siku moja na nusu.

Kisa cha Chuo Kikuu cha Alabama kilichoko Birmingham kinanifaa sana ninapofundisha vijana wa ofisi. Desemba 2014 rais wake, Ray Watts, alitangaza kufuta futiboli, bolingi na kulenga shabaha kwa bunduki, akitegemea ripoti ya washauri. Wachezaji walilia mbele ya kamera. Wachumi wengine walipozipitia hesabu, wakaziweka skolashipu kwa gharama yake halisi badala ya bei ya ada, walitoka na picha tofauti kabisa. Wafadhili nao wakajitokeza na mamilioni. Juni 2015 uamuzi ukageuzwa, na futiboli ilirudi uwanjani msimu wa 2017 ikashinda mechi nane. Sisemi Watts alikuwa mjinga. Alisoma safu ya mwisho kulia, kama walivyo wengi.

Mahali ambapo mabano hudanganya zaidi ni vyuo vidogo vya binafsi, hasa vya daraja la tatu la NCAA, ambako skolashipu za michezo haziruhusiwi. Hapa nitatumia mfano wangu mwenyewe wa darasani. Timu ya kuogelea ina bajeti ya dola 300,000: kocha, msaidizi, mabasi, maji ya moto. Tiketi haiuzi. Kwenye jedwali ni hasara ya dola 300,000 kamili. Lakini timu ina waogeleaji 28, na kila mmoja, baada ya punguzo zote, anakilipa chuo dola 20,000 kwa mwaka. Hizo ni 560,000. Si wote wamekuja kwa ajili ya bwawa. Tuseme 18 wasingekuja kama timu isingekuwapo. Ukiifuta umeokoa 300,000 na umepoteza 360,000, na bwawa bado lipo linahitaji klorini.

Adrian College ya Michigan ilijengwa upya kwa hesabu hiyohiyo. Tangu 2005, chini ya rais Jeffrey Docking, iliongeza timu baada ya timu, kila kocha akipewa idadi ya wanafunzi wa kuwaleta, na wanafunzi wakakaribia kuwa maradufu ndani ya miaka michache. Kocha pale ni ofisa udahili mwenye filimbi shingoni. Kuna maprofesa wanaoliona jambo hilo kuwa fedheha. Mimi naliona kuwa mkakati wenye hatari moja: vyuo jirani vyote vikiiga, wanabaki wananyang'anyana waogeleaji walewale.

Basi hasara ya kweli iko wapi? Kwa maoni yangu, iko kwenye vyuo vya katikati, vinavyotaka kukaa meza moja na wakubwa. Havina televisheni ya maana, vina uwanja uliojaa nusu, na msimu ukianza vinakwenda kupigwa kwa mabao mengi na chuo kikubwa ili vilipwe hundi ya kuja kupigwa. Hapo utakuta zaidi ya nusu ya bajeti ya michezo inatoka kwenye ada za wanafunzi na ruzuku ya chuo. Mwanafunzi anakopa, analipa ada ya michezo ndani ya mkopo huo, na atakuwa anailipa pamoja na riba muda mrefu baada ya kocha yule kufukuzwa.

Na makocha wanafukuzwa kwa bei. Mwaka 2023 Texas A&M walimwondoa kocha wa futiboli Jimbo Fisher huku mkataba ukiwadai zaidi ya dola milioni 75. Hicho ni kiinua mgongo ambacho hakuna profesa atakayekiota. Texas A&M ni matajiri, watamudu, lakini kisa chao kinaonyesha tabia ya biashara hii. Idara ya michezo haina mwenye hisa anayesubiri gawio. Faida ikipatikana hugeuzwa ukumbi wa mazoezi, chumba cha kubadilishia chenye viti vya ngozi, na mshahara wa kocha msaidizi wa wasaidizi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ndiyo maana mapato yanaweza kupanda miaka kumi mfululizo na mabano yakabaki palepale.

Halafu kuna madeni ya majengo. Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley waliukarabati uwanja wao wa futiboli, unaokatizwa na ufa wa tetemeko wa Hayward, na kujenga kituo cha wachezaji ubavuni mwake, kwa deni la takriban dola milioni 445. Mauzo ya viti vya bei kubwa yaliyotarajiwa kulipa deni hayakufikia matarajio, na chuo kikalazimika kubeba sehemu ya mzigo. Wakati mipango hiyo ikiendelea, mwaka 2010, chuo hichohicho kilitangaza kuondoa timu kadhaa ndogo, besiboli ikiwamo. Wafadhili waliichangia besiboli ikaokoka, na mwaka 2011 ikafika fainali za taifa. Linganisha gharama ya timu ile na riba ya uwanja, uniambie nani alikuwa anakula nani.

Watetezi watakuambia michezo ni tangazo. Wanapenda kutaja Novemba 1984, pasi ya mwisho ya Doug Flutie wa Boston College iliyoishinda Miami muda ukiwa umekwisha, na maombi ya kujiunga yaliyofuata. Ukweli ni kwamba maombi ya chuo kile yalikuwa yameshaanza kupanda kabla ya pasi. Lakini tangazo lenyewe si hekaya: Doug Chung wa Harvard alionyesha mwaka 2013 kwamba futiboli ya chuo ikitoka wastani hadi kuwa bora, maombi huongezeka kwa asilimia 17.7. Shida ni kwamba ligi haiwezi kuwa na washindi watupu. Kila anayepanda amemshusha mwingine, na aliyeshuka naye alikuwa amelipia tangazo.

Hapa niongee kidogo kama mtu wa Afrika Mashariki, si mhasibu. Mwaka 1978 Henry Rono, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Suleiman Nyambui alikuwa mkimbiaji wa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso kabla ya kuiletea Tanzania medali ya fedha ya mita 5,000 Moscow 1980. Paul Ereng alikuwa Virginia alipotwaa dhahabu ya mita 800 Seoul 1988. Timu za riadha na mbio za nyika haziuzi tiketi. Kwenye jedwali langu zote tatu zingekuwa ndani ya mabano. Marekani haina wizara ya michezo inayolipia timu yake ya Olimpiki. Vyuo ndivyo vinavyobeba kazi hiyo, na njiani vikawabeba na wetu. Iwapo ni haki mwanafunzi wa uuguzi wa Ohio ailipie ni jambo la kujadili, lakini angalau aelezwe analipia nini.

Na zinapokuja nyakati ngumu, mabano madogo ndiyo hukatwa. Mwaka 2020 Stanford, chuo chenye utajiri wa kutisha, kilitangaza kufuta michezo 11 kati ya 36. Kilirudi nyuma Mei 2021. Iowa kilifuta timu nne, waogeleaji wa kike wakaenda mahakamani kwa kutumia sheria ya 1972 inayokataza ubaguzi wa jinsia katika elimu, na chuo kikarudisha timu yao na kukubali kuanzisha miereka ya wanawake. Wanaume waliofutwa hawakurudi.

Sasa mzigo umeongezeka. Juni 2025 jaji Claudia Wilken aliidhinisha suluhu ya kesi ya House, ya wachezaji dhidi ya NCAA: dola bilioni 2.8 za malipo ya nyuma kwa wachezaji, na ruhusa kwa vyuo kuwalipa wachezaji wa sasa hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Mimi sina neno na wachezaji kulipwa, walifanya kazi. Lakini fedha hiyo lazima itoke mahali, na sijaona chuo kinachoanza kwa kupunguza makocha wa futiboli.

Kuacha kunawezekana. Chuo Kikuu cha Chicago, mabingwa wa zamani wa Big Ten, ligi ya vyuo vikubwa, waliifuta futiboli mwaka 1939 chini ya rais wao Robert Hutchins. Miaka mitatu baadaye, chini ya majukwaa ya uwanja uliobaki mtupu, mwanafizikia Enrico Fermi na wenzake walipata mmenyuko mfululizo wa nyuklia wa kwanza uliotengenezwa na binadamu na kujiendeleza wenyewe. Futiboli ilirudi 1969, ndogo, bila makeke, na ipo hadi leo. Spelman, chuo cha wanawake weusi cha Atlanta, kilitangaza 2012 kujitoa NCAA. Kilikuwa kikitumia takriban dola milioni moja kwa mwaka kwa wachezaji wapatao 80 kati ya wanafunzi 2,100, kikaamua fedha hiyo iende kwenye afya na mazoezi ya wote. Hiyo ndiyo kufuta ninayoiheshimu, kwa sababu walisema fedha inakwenda wapi.

Mara nyingi haisemwi. Chuo kimoja nilichokihudumia kilifuta tenisi ya wanaume, wachezaji wanane. Viwanja vilibaki, taa zilibaki, na kilichookolewa hasa kilikuwa mshahara wa kocha mmoja na mafuta ya gari dogo. Mwaka uliofuata niliutafuta mshahara ule kwenye bajeti mpya. Niliukuta ukurasa wa futiboli, umeandikwa mchambuzi wa video, wa tatu.