Shawa ya umeme La Paz: ukifungulia koki zaidi, maji yanazidi kuwa baridi

Wageni wa hoteli za bei nafuu za La Paz, Bolivia, hulalamika kwa maneno yaleyale: "Nimefungulia koki hadi mwisho, na maji bado baridi!" Wakiambiwa wapunguze, hawaamini. Wanarudi bafuni, wanafungulia tena hadi mwisho, kisha wanamlaumu mwenye hoteli. Nianze na hili, maana ndilo linalowanyima watu usingizi bure.

Dhana: Maji mengi ndiyo yanayoleta joto.

Ni kinyume kabisa. Hoteli nyingi kuukuu za mtaa wa Sagárnaga, Illampu na vichochoro vya jirani hazina tangi la maji moto. Maji yanapashwa palepale kwenye kichwa cha shawa, yakipita juu ya koili, yaani waya uliosokotwa unaopata moto kwa umeme. Koili hiyo ina nguvu yake na haiongezi hata kidogo. Tuseme ni ya wati 5,500. Zikipita lita 3 kwa dakika, maji yanapanda nyuzi 26 hivi. Zikipita lita 6, joto lilelile linagawanywa mara mbili, na maji yanapanda nyuzi 13 tu. La Paz iko mita 3,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai hukaribia nyuzi sifuri. Maji yakiingia na nyuzi 10, mtiririko wa kwanza unakupa 36, unaoga vizuri. Wa pili unakupa 23, na meno yanagongana. Shawa za namna hiyo zimejaa Nairobi na Arusha, lakini huko maji hayaingii yakiwa baridi kiasi hicho, ndiyo maana mtu anaweza kukosea miaka kumi bila kujua.

Fanya hivi. Kabla ya kugusa koki, na mikono ikiwa mikavu, weka kitufe cha joto kwenye alama ya juu. Kamwe usikizungushe maji yakiwa yanatoka, kwa sababu hapo ampea 25 zinapita na unaunguza viunganishi vya ndani ya swichi. Kisha fungulia koki yote. Utasikia "tak" na mngurumo mdogo: ndani kuna kiwambo cha mpira ambacho maji hukisukuma, nacho kinawasha umeme. Sasa punguza koki robo mzunguko, subiri sekunde 20, pima kwa mkono, punguza tena. Ukipunguza kupita kiasi, kiwambo kinarudi, umeme unakatika na maji yanageuka barafu ghafla. Hapo usipige ukuta. Fungulia kidogo mpaka usikie tena ile "tak", kisha uache hapohapo. Mahali pazuri ni pembamba, unene wa kidole kwenye mzunguko wa koki, lakini papo. Ukitaka uhakika, kinga chupa ya lita moja: ikijaa kwa sekunde 20, uko sawasawa.

Na kama umefanya yote hayo na maji bado vuguvugu? Angalia taa. Ikififia shawa inapowaka, nyaya za jengo ni nyembamba au zimechoka. Volti 220 zikishuka hadi 190, nguvu haipungui kidogo kama watu wanavyodhani. Inapungua robo nzima, na zile wati 5,500 zinabaki 4,100 hivi. Saa moja jioni, vyumba sita vikioga pamoja, hakuna koki itakayokuokoa. Oga saa nane mchana: majirani wako mjini, na jua limekwisha kulipasha tangi la paa.

Dhana: Nyaya zikionekana juu ya shawa, utakufa.

Nyaya zilizofunikwa vizuri zikionekana, ni sura mbaya tu. Hatari kubwa ni kukosa ethi, yaani waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Hesabu nyaya zinazotoka kwenye shawa: ziwe tatu, na ule wa kijani au kijani na njano uwe umeungwa ukutani. Ukiuona umekatwa au umekunjwa na kuning'inizwa, omba chumba kingine. Ukigusa koki ya chuma ukahisi kama unatekenywa, toka, usimalizie kuosha nywele. Utepe wa kufungia nyaya uliogeuka kahawia na harufu ya plastiki iliyoungua maana yake kiungo kimelegea na kinachemka. Ndala za mpira ni nzuri kwa ajili ya sakafu, ila haziwezi kushika nafasi ya ethi.

Dhana: Hita ya gesi ni salama kuliko ya umeme.

Ikiwa nje, kwenye roshani au uani, sawa. Ikiwa ndani ya bafu lisilo na bomba la moshi wala tundu la hewa, kataa chumba hata kama ni cha bure. Katika kimo hicho kila pumzi ina oksijeni kama theluthi mbili tu ya ile ya pwani, na moto unaokosa hewa hutoa kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu. Mwali wa njano na masizi ukutani ni dalili tosha. Kichwa kikiwauma, wageni husingizia mwinuko, wakaendelea kulala humohumo.

Dhana: Ghorofa ya juu ndiyo bora.

Tangi liko paani, kwa hiyo ghorofa ya juu kabisa ndiyo yenye presha ndogo, na kiwambo hakisukumwi vizuri. Chukua ghorofa mbili chini ya paa, na dirisha liangalie kaskazini. Huko ndiko jua la Juni na Julai linakopita. Chumba cha kusini hakipati jua, na vyumba vingi havina hita ya hewa.

Dhana: Maji yakichemka tu, yanafaa kunywewa.

Hapo yanachemka kwenye nyuzi 88 hivi. Yaache yatokote dakika 3 kamili.

Dhana: Nitahitaji chandarua.

La Paz kwenyewe hakuna malaria; mbu wake hawaishi juu hivyo. Kiweke kwa ajili ya nyanda za chini za Amazoni.

Ukiuliza mapokezi kama kuna *agua caliente* (maji moto), utajibiwa ndiyo kila mara. Omba ufunguo, panda, washa shawa dakika 3 na taa ikiwa inawaka, ndipo ulipe. Ukishuka, omba *frazada* (blanketi) mbili za ziada kabla wenzako hawajarudi, kwa sababu ikifika saa tatu usiku kabati huwa tupu.