Je, wajua kwa nini ukiapdeti simu, kile kitu ulichokipenda ndo kinapotea?

Mi ni fundi seremala, na kwa miaka kama mitatu hivi daftari langu la oda lilikuwa simu. Mteja anapiga, anasema nataka kabati futi sita kwa nne, milango miwili, kioo mlango mmoja tu, tunabishana bei mpaka tunaelewana, na mi sishiki kalamu wala nini maana kulikuwa na programu inarekodi kila simu inayoingia, jioni nasikiliza huku napiga msasa. Siku moja ikaja ile notifikesheni ya toleo jipya, Android 8 inakwenda 9, nikabonyeza nikaiacha kwenye chaji usiku kucha. Asubuhi simu imependeza, vitufe vya duara, rangi nzuri, nikafurahi kabisa. Kuja kusikiliza oda ya siku ile, najisikia mwenyewe tu. "Ndio... sawa... ngapi?... haya, sawa." Mteja hayupo. Kama mtu anaongea na majini yake.

Nikaambiwa kila kitu mtaani. Mmoja ana uhakika ni kirusi. Mwingine kasema maiki imeungua, nimpe elfu ishirini anibadilishie. Kuna aliyesema kampuni zinaharibu simu makusudi ili ununue mpya, na huyo ndo nilimwamini kwa muda mrefu zaidi. Kumbe simu haikuwa na ubovu wowote. Programu yangu miaka yote ile ilikuwa inapita mlango wa uani, na mwenye nyumba kaamua kuuziba.

Iko hivi. Sauti ya mtu anayekupigia haifiki kwenye simu yako kama wimbo unavyofika. Inatoka kwenye mnara, inapokelewa na modemu, ambayo ni kama kompyuta nyingine ndogo ndani ya simu, ina programu yake na kazi zake, halafu inasukumwa kwenye chipu ya sauti na kutokea kwenye kile kispika cha sikioni. Magemu, WhatsApp, kalkuleta, na hiyo programu yako ya kurekodi, vyote vinakaa upande mwingine kabisa. Havioni sauti hiyo ikipita mpaka Android yenyewe ifungue njia. Na njia ipo, imeandikwa kabisa kwenye Android kwamba programu inaweza kuomba sauti ya maiki, au sauti ya upande wako wa simu, au ya upande wa pili, au zote mbili kwa pamoja. Ila ruhusa ya hizo za simu ni ya programu zilizokuja na simu kutoka kiwandani peke yake. Ya kupakua Play Store haipewi hata uombe kwa magoti.

Sasa mbona zilikuwa zinarekodi? Kwa sababu kufuli lilikuwepo ila kwenye simu nyingi halikuwa limefungwa vizuri, kila kampuni inaunganisha modemu na chipu ya sauti kwa namna yake, na watengenezaji wa programu ni watu wajanja, walikuwa wanapita chini chini, wanaiongelesha simu kwa amri ambazo hazikukusudiwa wao. Kwenye simu moja ilikubali, kwenye nyingine ikawa inatoa sauti upande mmoja. Android 9 ilipotoka mwaka 2018 vile vichochoro vikazibwa. Ndo hapo mi nikabaki naongea peke yangu.

Jamaa wa programu za kurekodi hawakukata tamaa. Mwaka 2019 ikaja Android 10 na masharti makali zaidi, kwamba simu ikiwa inaongelewa, programu ya kawaida ikiomba maiki haikataliwi, inapewa tu ukimya. Inarekodi vizuri kabisa dakika kumi za ukimya na inakuwekea na faili. (Huu ni uhuni wa hali ya juu, mtu akwambie hapana ujue moja.) Lakini kukawa na msamaha kwa kundi moja, programu za kuwasaidia wenye ulemavu, zile zinazosoma skrini kwa asiyeona na kadhalika, ambazo haziwezi kufanya kazi zikinyimwa masikio. Basi kila programu ya kurekodi ikageuka msaidizi wa walemavu. Kama uliwahi kuweka moja kipindi kile utakumbuka ilikuwa inakupeleka kwenye setingi, sehemu ya wenye matatizo ya kuona na kusikia, uiwashe hapo, na wewe macho yako mazima unawasha.

Na hapo ndo ikaisha. Google wakatangaza kwamba kuanzia tarehe 11 Mei 2022 programu ya Play Store hairuhusiwi kutumia njia ya walemavu kurekodi simu. Truecaller, ambayo wengi walikuwa wanarekodia humo, ikaondoa kurekodi mwezi huohuo. Safari hii hukuhitaji hata kuapdeti Android, ilitosha programu yenyewe kujiapdeti usiku umelala.

Ukiuliza kwa nini wanapata shida yote hiyo kumziba seremala, jibu ni kwamba mlango niliopita mimi ndo uleule anaopita mume mwenye wivu aliyeweka programu kwenye simu ya mke wake bila mke kujua, sasa kila akiongea na dada yake kuna mtu anasikiliza. Simu haiwezi kutofautisha. Halafu kuna sheria, na hapa Google wako kwenye kona kweli kweli, maana Android ni moja ila nchi ni nyingi. Marekani kwa sheria ya nchi nzima inatosha mmoja wa wanaoongea akubali kurekodi, lakini ukiingia jimbo la California mazungumzo ya siri lazima wote wakubali, na Ujerumani kumrekodi mtu kimya kimya ni kosa la jinai kabisa. Huku kwetu Kenya ina sheria yake ya kulinda data tangu 2019 na Tanzania ya taarifa binafsi tangu 2022. Kampuni ikiangalia hayo yote inaona rahisi kufunga kwa wote kuliko kukaa inachambua nani yuko wapi.

Ninachokubali kwa shingo upande ni hicho. Nisichokubali ni kwamba wenyewe hawakujifungia. Programu ya simu ya Google yenyewe inarekodi kwenye baadhi ya nchi, ila inatangaza kwa sauti pande zote mbili zisikie. Apple waliokuwa hawataki kabisa habari hiyo wakaiweka kwenye iOS 18.1 (iOS ndo mfumo wa iPhone), Oktoba 2024, nayo inatangaza. Samsung inategemea simu iliandaliwa kwa soko la nchi gani, ndo maana unakuta simu mbili zinafanana kila kitu, zimetoka soko la nchi tofauti, moja ina kitufe cha kurekodi na nyingine haina, na muuzaji anakwambia mambo yaleyale tu bosi. Programu iliyozaliwa kiwandani ina ufunguo wa mlango wa mbele. Iliyopakuliwa haina. Kwa hiyo ukitaka simu ya kurekodi, angalia kama kitufe kimo kwenye programu yake ya kupigia kabla hujatoa hela.

Ukishaelewa habari ya mlango wa uani, vitu vingi vinavyopotea kwenye apdeti vinaanza kueleweka. Chukua stetasi za WhatsApp. Zamani ulikuwa unaingia kwenye faili za simu, unaifungua folda ya WhatsApp, unaonyesha mafaili yaliyofichwa, na stetasi zote ulizoangalia zimo unazikopi kama zako. Kulikuwa na programu kibao zinafanya hiyo kazi moja tu. Ikaja Android 11 mwaka 2020, watu wakaanza kulalamika folda imekufa, programu inaonyesha tupu. Kilichotokea ni kwamba mwanzoni ukishaipa programu yoyote ruhusa ya kuingia kwenye hifadhi, ilikuwa inaona nyumba nzima. Tochi ilikuwa na uwezo wa kuangalia picha za kitambulisho chako, tochi! Android 11 ikaipa kila programu chumba chake. WhatsApp nayo ikahamishia folda yake ndani, sasa iko Android, halafu media, halafu com.whatsapp. Stetasi zipo bado, zimehama mtaa tu.

Na yale mafaili ya APK, yaani ya kuwekea programu bila kupitia Play Store, mnayorushiana kwa Bluetooth, gemu la zamani la mwaka 2013 hivi, Android 14 ikikataa kuliweka si kwamba gemu limeoza. Kabla ya Android 6 ya mwaka 2015 programu ilikuwa inachukua ruhusa zote kwa mkupuo siku ya kuiweka, ile ya kuulizwa kimojakimoja ruhusu au kataa haikuwepo. Wezi wakajua hilo, wakawa wanatengeneza virusi vya leo na kuviandika kwamba vimeundwa kwa ajili ya Android ya zamani, ili visiulize. Basi Android 14 ikasema chochote kilichoandikwa kwa toleo la chini ya 6 hakiingii. Gemu lako limebebwa na mafuriko yaliyokuwa yanamfuata mwizi. Ila kama lilikuwemo kwenye simu kabla hujaapdeti linabaki, kwa hiyo usilifute ukitegemea kuliweka tena.

Si kila kitu ni usalama lakini, tusiwape sifa za bure. Mwaka 2021 kwenye Android 12 Google walichukua kitufe cha data na kitufe cha waifai pale juu, wakaviunganisha kuwa kimoja kinaitwa Intaneti, ukitaka kuzima data unabonyeza, kinafunguka kidirisha, unatafuta, unabonyeza tena. Maelezo yao ni kwamba watu walikuwa wanazima waifai ikisumbua halafu wanasahau kuiwasha, data inaliwa. Sawa. Ila huyo ni mtu ambaye waifai iko nyumbani kwake muda wote. Mtu wa bando la saa ishirini na nne, anayewasha data asome meseji tatu na kuzima, hicho kitufe ndo swichi ya taa ya nyumba yake, anaigusa mara hamsini kwa siku. Kampuni nyingi zinazotengeneza muonekano wao wenyewe juu ya Android ziliviacha vitufe viwili, walioumia zaidi ni wenye Pixel, zile simu za Google wenyewe, na simu zenye Android isiyoremba. Hapo hakukuwa na mwizi wala sheria. Ni watu wamekaa ofisini California wakawaza maisha ya California.

Sasa swali ambalo kila mtu anauliza akishaumia, si nirudishe tu toleo la zamani? Nililipeleka kwa fundi simu, akasema inawezekana, tutaiflashi, yaani kuiwekea mfumo mzima upya kwa kompyuta. Haikuwezekana. iPhone kila ikiwekwa iOS inapiga hodi kwanza kwa seva za Apple kuuliza hili toleo mnaliidhinisha, na Apple huacha kuidhinisha la zamani siku chache au wiki chache tu baada ya jipya kutoka, hapo umeshafungiwa. Kwa upande wa Android kuna kinga ya kurudi nyuma tangu Android 8, simu inatunza namba ya toleo mahali ambapo hata kuiflashi hakupafuti, ikiona unaleta namba ndogo inagoma. Kuna chipu zina fyuzi ndogo ndogo kabisa ndani, apdeti fulani zikiingia moja inaunguzwa, na fyuzi iliyoungua haiunguki kinyume. Mafundi wa Samsung wanajua, kabla ya kuiflashi wanaangalia kwanza ile namba kwenye jina la faili, ikiwa ndogo kuliko ya kwenye simu hawajisumbui. Kampuni zisipoweka kinga hiyo, mwizi akiiba simu yako anaishusha tu kwenye toleo lenye tundu linalojulikana na kuifungua kiulaini. Hata zile simu zinazokubali kurudi, zinafuta kila kitu, picha, namba, vyote.

Kwa hiyo ninachofanya siku hizi, apdeti ndogo za usalama za kila mwezi naziweka bila kuwaza, hizo mara nyingi haziondoi kitu. Ila ile inayobadilisha namba kubwa, ya kutoka 13 kwenda 14, hiyo naisubirisha wiki mbili tatu, natafuta mwenye simu kama yangu aliyekwisha kuiweka, namuuliza kitu kimoja tu ninachokijali.

Na oda? Naweka spika, halafu simu ya zamani ya mke wangu iko pembeni kwenye meza ya randa inarekodi kama redio, sauti ya mteja inaingia pamoja na msumeno wa jirani na kuku. Ila siku hizi nawaambia mapema kwamba narekodi. Juzi mama mmoja wa kitanda cha tano kwa sita kanyamaza kidogo, halafu akasema, "Fundi, ngoja basi nirudie vipimo vizuri, nilikuwa nakisia."