Mjesuiti Aliyeitwa Mateo Sánchez

Kila nikifika karne ya 16 katika somo la historia ya Kanisa, huwauliza wanafunzi: je, Shirika la Yesu, yaani Wajesuiti, limewahi kuwa na mwanamke ndani yake? Darasa zima hujibu hapana. Hapo ndipo ninapowatajia Mateo Sánchez.

Jina hilo limo katika barua za siri za Wajesuiti wa kwanza. Mwenyewe alikuwa Juana wa Austria, binti wa Kaizari Carlos V na dada wa Felipe II wa Hispania. Alizaliwa Madrid mwaka 1535, na mwaka 1552 akaozwa kwa binamu yake João Manuel, mrithi wa ufalme wa Ureno. Ndoa haikudumu. Mume alifariki tarehe 2 Januari 1554, na siku kumi na nane baadaye Juana akajifungua mtoto wa kiume, Sebastião.

Mtoto alikuwa wa miezi minne tu mama yake alipoitwa arudi kwao. Felipe alikuwa anakwenda Uingereza kumwoa Malkia Mary, na baba yao alikuwa mbali, kwa hiyo alitakiwa mtu wa damu yao wa kuishika Hispania. Juana akamwacha mwanawe Lisbon kwa bibi yake, Malkia Catarina. Juana hakumwona tena maisha yake yote. Alichokuwa akipata ni picha za kuchorwa, alizoletewa mtoto akiendelea kukua. Sehemu hii hunichoma kila ninapoifundisha.

Basi mtazame mwaka huo wa 1554: mjane wa miaka 19, mtawala wa nchi kwa niaba ya baba yake na kaka yake, na binti wa kaizari. Mjane wa namna hiyo hakuachwa muda mrefu, maana ndoa za watoto wa wafalme zilikuwa ndiyo mikataba ya dola. Ni wakati huo ndipo alipomwomba Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, ampokee katika Shirika.

Ombi lilimweka Ignasi pagumu. Mwaka 1545 alikuwa amempokea Isabel Roser na wenzake wawili, na mwaka uliofuata akawaondolea nadhiri zao, akiazimia kwamba wanawake hawatapokelewa tena. Sasa anayebisha hodi ndiye mwenye mamlaka juu ya nchi ambako mapadre wake wanafanya kazi. Oktoba 1554 alikaa na washauri wake Roma, wakapata njia: Juana aweke nadhiri kama za wanafunzi wa Shirika, yaani ufukara, useja na utii. Nadhiri hizo humfunga anayeziweka maisha yake yote, lakini Shirika lenyewe linaweza kumfungulia. Wakubwa wakilazimisha ndoa, mlango upo. Siri ilikuwa sharti, na ndiyo sababu akapewa jina la kiume.

Wengi husema Juana alikimbilia dini ili aepuke dunia. Mimi sikubaliani nao. Baada ya nadhiri aliendelea kutawala kutoka Valladolid hadi mwaka 1559, na hazina ilipokauka mwaka 1557 mzigo ulikuwa wake. Nadhiri ya useja ilimpa kitu ambacho taji halikumpa: ikawa vigumu zaidi kumtoa kwa mfalme fulani kama mahari ya amani. Hakuolewa tena kamwe.

Wala simpambi. Mwezi Mei 1559 alikaa kwenye jukwaa la Valladolid Mahakama ya Uchunguzi wa Imani ilipowahukumu watu kuchomwa moto kwa kushukiwa Uprotestanti. Ibada yake na ukatili ule vilikaa katika moyo mmoja, na anayesimulia habari zake hana budi kusema yote mawili.

Mwaka huohuo aliigeuza nyumba aliyozaliwa kuwa monasteri ya Waklara, yaani watawa wa kike wa Mtakatifu Klara, iitwayo Descalzas Reales. Watawa waliwekewa idadi ya 33, kwa kukumbuka miaka ya Kristo duniani. Yeye alikuwa na vyumba vyake pembeni, ukuta kwa ukuta na masista.

Alifariki Septemba 1573 akiwa na miaka 38, bado Mjesuiti. Hakuishi kuona Sebastião akiuawa vitani Morocco mwaka 1578, bila mrithi. Miaka miwili baadaye Felipe akaitwaa Ureno na makoloni yake yote, na ni kwa amri yake Fort Jesus ikaanza kujengwa Mombasa mwaka 1593. Ukipita lango la ngome ile, unapita katika matokeo ya msiba wa mama huyu.

Kaburi lake limo ndani ya Descalzas Reales. Pompeo Leoni alimchonga kwa marumaru akiwa amepiga magoti, viganja vimekutana, katika kanisa dogo la pembeni. Masista Waklara wangali wanasali katika nyumba ile.